Lenzi za Mtumba za Rufiji

Hewa ya delta ya Rufiji haina huruma na kioo. Joto, masika na mvuke wa mikokoni hupenya hata ndani ya hadubini iliyofungiwa kabatini, na nyuma ya unyevu huja kuvu. Huota juu ya lenzi yenyewe, nyuzi nyembamba zikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na zikiachwa muda mrefu hula uso wa kioo. Hadubini ikabaki stoo, chuma chake kizima, lenzi zake zimekufa.

Bahati nzuri, lenzi za chini, zile zinazoinamia slaidi, hufunguliwa na kubadilishwa. Mwaka 1858 wanahadubini wa London walikubaliana kipimo kimoja cha uzi wa skrubu, kipenyo cha milimita 20.32, na viwanda vingi vikakifuata. Ndiyo maana lenzi kuukuu ya Kijerumani kutoka Jena yaweza kukaa kwenye hadubini iliyotengenezwa India au China. Ila uzi kuingia si kupatana. Lenzi iliyoandikwa 160 inataka bomba la milimita 160; yenye alama ya ∞ ni ya mashine za aina nyingine. Muuzaji wa mtumba hatakwambia.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza, na ninachomsifia zaidi ni kujizuia kwake. Hakimbilii kufuta. Anachomoa lenzi ya jichoni, anaigeuza juu chini iwe kioo cha kukuzia, anakagua uso wa lenzi ya chini taratibu. Vumbi analipuliza kwa kipira, maana punje moja ya mchanga ikiburutwa na pamba imeacha mkwaruzo usiofutika. Mafuta ya mwerezi yaliyotumiwa zamani huganda yakawa magumu. Anayalainisha kwa tone dogo la dawa ya kusafishia kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti cha mwanzi, akianzia katikati kwenda nje, na kila mpito pamba mpya. Akimwaga spiriti ovyo itapenya ndani na kuyeyusha gundi inayoshikilia vioo. Na lenzi ya mara 100 haifungui kwa udadisi: vioo vyake vimepangwa kwa vipimo ambavyo mkono mtupu hauwezi kuvirudisha.

Kisha lenzi iliyosafishwa inajaribiwa kwa damu. Slaidi ya malaria iliyopakwa rangi ya Giemsa haidanganyiki: ama utaona pete nyembamba ya buluu yenye kitone chekundu, ama utaona ukungu na kubahatisha. Nimeona lenzi zinazong'aa ambazo hazifai kitu, na zenye mkwaruzo pembeni zinazoonyesha kila kitone.

Wapo wanaosema kipimo cha haraka cha malaria kimeistaafisha hadubini. Si kweli. Kipimo hicho kinatafuta protini ambayo yaweza kubaki mwilini wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, tena hakihesabu. Anayetaka kujua kama dawa inafanya kazi atarudi kwenye slaidi. Yai la kichocho, lenye mwiba wake mwishoni, huonekana kwenye mkojo kwa lenzi ya mara 10 tu, ile ya bei ndogo. Vimelea vya matende navyo hutafutwa kwenye damu iliyochukuliwa usiku, saa ambazo huzunguka.

Delta hii inaujua mtumba mzito kuliko huu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipomalizwa humu Julai 1915, mizinga yake ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Kwangu mimi, heri lenzi.

Basi wewe mwalimu wa sekondari Kibiti, au mhudumu wa zahanati huko Mbwera, mwenye hadubini stoo: usiifute kwa shati. Fungua lenzi zake, zitie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na punje za silika zilizokaushwa, kisha mtafute anayejua kuzisafisha kabla masika hayajaingia.