Hongera, Fundi wa Kitako

Gobore husifiwa kwa mlio wake, lakini shavu na bega la mwindaji hugusa mti wa kitako. Basi leo sifa zimwendee fundi wa kitako wa Unyamwezi.

Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipita Tabora ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na magobore, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni, yakaja nayo. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, aliyatumia kujenga jeshi lake la rugaruga. Chuma cha bunduki hizo kilitoka ng'ambo. Mti ulikuwepo hapa hapa, kwenye miombo.

Mti wa mninga hauhitaji rangi ya dukani: kiini chake chenyewe ni cha kahawia nyekundu. Fundi hupiga msasa akifuata nyuzi za mti, hulowesha kidogo ili vinyweleo visimame, kisha, mti ukikauka, huvikata kwa msasa laini. Mwisho huja nta ya nyuki, mali ya Tabora tangu zamani. Huipaka nyembamba na kuisugua kwa kitambaa hadi mti ung'ae, ili unyevu wa mvua usiuvimbishe haraka.

Hongera, fundi. Mlio hupita; mng'ao wako hubaki.