Kujiamini na Ukubwa wa Mchezaji

Katika midahalo ya wanafunzi wetu hapa Kabati, hoja moja haikosi wasemaji: ni nani aliyewapita wote katika mchezo wa tenisi? Mmoja humtaja Roger Federer wa Uswisi, wa pili Rafael Nadal wa Hispania, wa tatu Novak Djokovic wa Serbia. Ni nadra kusimama mtu akamtaja Serena Williams wa Marekani, ingawa mataji yake makuu 23 yawapita Nadal mwenye 22 na Federer mwenye 20. Wavulana wetu na walijue hilo. Kisha hesabu zikiisha, msemaji hukimbilia neno moja la kufungia kazi: aliyeshinda alijiamini.

Neno hilo yafaa tulipime. Ushahidi wake ulio bora ni fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019. Katika seti ya tano Federer alikuwa akianzisha mpira mwenyewe, na pointi moja tu ingempa taji. Alipata nafasi mbili, zote zikampotea, na baada ya muda wa karibu saa tano mshindi alikuwa Djokovic. Ajabu ni kwamba pointi za Federer zilikuwa 218, za Djokovic 204. Watazamaji walimshangilia Federer. Djokovic alieleza baadaye kwamba walipoita “Roger” yeye alijitahidi kusikia “Novak”. Nakiri kwamba moyo wa namna hiyo ni adimu. Lakini je, Federer, aliyekwisha kutwaa taji la Wimbledon mara 8, alikuwa mtu asiyejiamini? Nani atakayethubutu kusema hivyo?

Mfano wa nyumbani waonyesha zaidi udhaifu wa hoja hii. Mwezi wa Julai 2022 Angella Okutoyi, msichana wa Kenya wa miaka 18 aliyelelewa na nyanya yake, alishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika fainali ya wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakashinda ya pili 6–4, na mchezo mfupi wa kuvunja sare wakaupata kwa 11–9. Hapo Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makuu manne ya dunia. Vijana wetu husema, “Tazameni kujiamini!” Nami nauliza: ng’ambo ya wavu walikuwa nani? Walikuwa Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alikuwa na miaka 15. Mwezi wa Agosti 2025 msichana huyohuyo alimshinda Naomi Osaka katika fainali ya Montreal, baada ya kupoteza seti ya kwanza. Ikiwa kujiamini ndiko kuamuako, basi hapana budi tuseme kwamba mwaka 2022 alikukosa kwa pointi mbili, kisha akakuokota njiani! La, katikati ya siku hizo mbili palikuwa na miaka mitatu ya walimu, viwanja, safari na mashindano. Okutoyi naye alipitia kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, na mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Sibishani kwa ajili ya tenisi peke yake. Anayesema kwamba mshindi alijiamini husema pia, kwa siri, kwamba aliyeshindwa hakujiamini. Na hukumu hiyo humwangukia kijana wa Kitui ambaye hajapata kushika raketi, au aliyeanguka mtihani kwa kukosa vitabu. Huambiwa ajiamini, wala haulizwi alikosa nini.

Katika mdahalo ujao, basi, mtetezi wa Djokovic na aliache neno hilo kwa dakika kumi. Fainali ile ilikuwa na seti tatu zilizoamuliwa kwa kuvunja sare, na zote tatu zilikuwa zake. Atueleze kwanza alizichezaje.