Heko Wachongaji wa Mapiko

Uso maarufu wa Luzira, Uganda, ni wa udongo. Ulichimbuliwa kwenye eneo la gereza mwaka 1929, na sasa umehifadhiwa British Museum, London. Huo hauchezi. Nyuso za Wamakonde, yaani barakoa ziitwazo mapiko (moja ni lipiko), kuanzia Mtwara hadi kaskazini mwa Msumbiji, ndizo zinazocheza. Fundi huchagua mti mwepesi, maana lipiko huvaliwa kichwani kama kofia, mchezaji akichungulia kupitia mdomoni. Kisha hubandika nywele halisi za watu na kuchora chale kwa nta ya nyuki. Vijana wakitoka jandoni, ngoma hulia, nguo hufunika mwili mzima, na jina la mchezaji halitajwi ng'o! Mafundi wa barakoa wa Venice, mji wa kanivali, walikuwa na chama chao tangu 1436. Hata hivyo, tuzo nampa Mmakonde.