Mchezo wa Mufwankolo katika somo la Kiingereza

Wazee wetu hawakungoja shule ili wajue kuchambua maneno. Jioni, mtu akitoa methali, watu waliulizana: anamsema nani? Na kwa nini anaisema leo? Kazi ile njo walimu wanaita uhakiki. Tumeanza hapo kwa sababu katika shule zetu za sekondari hapa Lubumbashi tunaona kazi hiyo inasahaulika.

Sisi tulipita huko. Masomo yalikuwa ya Kifaransa, na Kiingereza kilikuja kama lugha ya kigeni. Mwalimu aliandika ubaoni muhtasari wa riwaya ambayo hakuna kati yetu aliyeishika mkononi. Tulinakili, tukakariri, tukapewa pointi. Siku moja tukaonyeshwa filamu ya kitabu kile. Ilipokwisha, hatukuulizwa tumeona nini. Mwenzetu mmoja akasema pole pole: « Sasa sisi tuseme nini hapa? Hii mambo haiko ya kwetu. » Hakuna aliyemujibu. Lakini jioni ile ile, mbele ya televisheni, mtoto huyo huyo alibishana na mama yake juu ya mchezo wa kundi la Mufwankolo: nani mwenye haki, nani mwongo, na mwisho ule ulikuwa mzuri ao hapana. Kumbe uhakiki aliujua. Shule njo haikumuuliza.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1986, wakati jimbo letu likiitwa Shaba na nchi Zaire, kundi hilo lilitengeneza mchezo wenye jina la Kifaransa « Le pouvoir se mange entier », maana yake utawala unaliwa muzima, haugawanywi. Wachezaji hawakuwa na maandishi ya kukariri. Kwanza walikaa, wakajadiliana methali ile maana yake ni nini. Kiisha walipanga sehemu za hadithi, wakafanya mazoezi, na mwishoni mchezo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na muji. Mtaalamu Johannes Fabian alifuata kazi hiyo tangu mazungumzo ya kwanza, na mwaka 1990 akatoa kitabu huko Marekani, « Power and Performance », chenye maneno ya wachezaji kwa Kiswahili ya kwetu na tafsiri yake ya Kiingereza.

Basi, walimu wa Kiingereza wanatafuta nini tena? Hapa kuna mchezo, kuna picha, kuna lugha mbili katika kitabu kimoja. Tukianza na neno « kula » peke yake, saa nzima itapita. Kwetu mtu anakula bukari, anakula feza za watu, anakula ufalme. Fabian alikibakiza kitendo hicho cha kula katika Kiingereza chake. Je, msomaji wa London anasikia yale tunayosikia sisi? Mwanafunzi akijadili swali hilo, anajifunza Kiingereza na anajifunza kusoma.

Hatusemi mchezo ule usifiwe tu. Methali yake ina hatari. Nyumbani, firigisi ya kuku inapewa mkubwa nzima, na hakuna anayelalamika. Lakini nchi haiko firigisi. Wakati ule wa Mobutu, mwenye kutawala angeweza kuikamata methali ile na kusema: munaona, hata wazee wanakubali nile peke yangu. Mwingine angesikia kinyume: tazameni mutu anayekula bila kugawa. Wachezaji waliiweka kijijini, kwa chifu na watu wake, na mtazamaji akaachiwa kazi ya kupima. Sisi tunaona njo hapo nguvu ya mchezo, na njo hapo vijana wanapaswa kubishana, kwa sababu swali la nani anakula halijaisha.

Wazazi wengine watasema: mtoto anahitaji Kiingereza cha kupita Kasumbalesa na kufanya biashara Zambia, michezo ya mutaani itamusaidia nini? Wengine watasema Kiswahili yetu haiko bora, haifai darasani. Tunawajibu hivi: mtu aliyezoea kukariri muhtasari wa mwingine, hata sokoni atakariri bei ya mwingine. Na Kiswahili ile ile wanayoidharau imekwisha kuandikwa na kusomwa katika vyuo vikuu vya mbali, wakati watoto wa Kenya na Katuba hawajakiona kitabu chenyewe.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Mwalimu achague sehemu moja ya mchezo, wanafunzi waiigize, waisome katika Kiingereza, kiisha wabishane. Na mwenye kanda ya zamani nyumbani asiitupe. Methali isiyojadiliwa inabaki maneno ya marehemu.