Sifa za Mguu Mwepesi

Gari likishapandishwa jeki pale Jabe, mjini Bujumbura, dereva wake hana tena pa kujificha. Fundi anajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, anaingia uvunguni, anapitisha kiganja kwenye bamba la chini ya injini, halafu anamsomea mwenye gari safari yake nzima. Hapa ulipanda jiwe kwa kasi. Hapa ulirudi nyuma bila kutazama. Na hii eksozi iliyobonyea ni tuta la katikati, lile linaloachwa na malori kati ya mifuo yao miwili. Wapo wachache, wachache kweli, wanaoleta gari lililogandamana na udongo wa milima ya Mugamba mpaka kwenye springi, na fundi akitafuta jeraha halioni. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Siwasemei wenye Land Cruiser. Lile ni gari linalosamehe, na anayesamehewa kila siku hujifunza polepole. Nawasemea wenye RAV4 na Forester zilizokwisha kutumika Japani, zenye usukani kulia, zilizokuja kuishi katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia. Kwenye lami ni karaha tupu: ukitaka kulipita lori huoni kinachokuja mpaka umeshatoa pua. Lakini kwenye njia ya mlimani umekaa upande uleule wa mtaro, na tairi iliyo hatarini ndiyo iliyo chini yako. Sijui kama kuna dereva aliyewahi kulishukuru balaa hilo, ila linastahili shukrani.

Fowili ya gari dogo ni msaada wenye masharti. Nyingi hazina gia nzito za kupandia milima. Katika nyingi magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na ya nyuma huitwa pale ya mbele yanapoteleza. Katika zile za zamani, wa kuita ni kopo lenye sahani nyembamba zilizopangana ndani ya mafuta mazito ya silikoni: upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yanapata moto, sahani zinashikana, nguvu inapita nyuma. Katika zile mpya ni klachi inayopewa amri na kompyuta. Zote mbili zinachelewa kidogo, na zote mbili zinachoka zikipata joto. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajauliza kitu, anazitazama tairi nne kama zinalingana. Ukifunga mbili mpya na mbili zilizolika, kopo lile linafanya kazi njia nzima ya lami mpaka Gitega bila sababu, na siku ya matope utalikuta limeshakufa.

Halafu kuna difu. Difu ya kawaida inapitisha nguvu pale isipopata upinzani, yaani kwenye gurudumu linaloelea. Mtaro ukikata njia, dereva ana mashauri mawili, na yote yana gharama. Akiuingia moja kwa moja, bampa inalima ukingo wa pili. Akiuingia kwa mshazari, bampa inapona, lakini gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, pembe kwa pembe, yanabaki hewani yakizunguka bure huku gari limesimama. Ufundi wote uko kwenye kuchagua mshazari mdogo unaotosha, na kuufuata taratibu. Gurudumu likianza kuzunguka bure, dereva wa zamani anagusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Gurudumu linaloelea linazuiwa, nguvu inamfikia mwenzake aliyekanyaga chini. Magari mapya yanafanya hivyo yenyewe, ila yanahitaji muda. Wengi wanaachia mafuta sekunde ileile kompyuta inapoanza kusaidia, kisha wanalilaumu gari.

Kutoka ziwani Bujumbura, chini ya mita 800, hadi Ijenda, juu ya mita 2,000, udongo unabadilika na injini isiyo na turbo inapungukiwa pumzi. Mchanga wa huku chini unataka tairi laini: upepo ushushwe kutoka bari 2.2 hadi 1.5 hivi, breki isiguswe, gari liachwe lisimame lenyewe. Udongo mwekundu wa juu, kati ya Februari na Mei, hautaki haraka ya aina yoyote. Kuteremka ni kwa gia ya kwanza, injini ndiyo izuie, maana magurudumu yakijifunga usukani hauamui tena kitu.

Maji nayo? Gatumba, ambako mto Rusizi umefurika mara kwa mara tangu 2020, wanajua kwamba maji yaliyotulia yanaficha ukingo wa barabara na mtaro kwa usawa mmoja. Dereva mwenye akili anakunja suruali na kutangulia kwa miguu. Maji yakipita kimo cha kitovu cha gurudumu, anarudi, kwa sababu injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni hukuta kisichobanika na mikono yake inapinda.

Lakini mtihani ninaopenda kuutazama ni mlima ulioshindikana. Gari limekata pumzi katikati, abiria wanapiga kelele, na kila kitu mwilini kinakwambia geuza. Ukigeuza ubavu kwenye mteremko, unabiringika. Dereva fundi anakanyaga breki, anatia rivasi bila kuzima injini, anaunyoosha usukani, anaondoa mguu kwenye klachi na kuliacha gari lishuke kinyumenyume katika mfuo uleule liliopandia. Huko chini anawaomba abiria washuke, anapunguza upepo, anaweka mawe pale tairi ilipochimba, kisha anajaribu tena akiwa na gari jepesi. Na likikataa mara ya pili, anawaambia mizigo ibebwe kichwani mpaka juu, naye analigeuza gari pale penye uwanja.