Mkasi wa Dodoma

Mkasi ukishapita, mzabibu hulia. Si mafumbo: penye kila jeraha hutunga tone la maji maangavu, likajaa, likadondoka kwenye udongo mwekundu. Mzee niliyekuwa naye shambani Mpunguzi, barabara ya kwenda Iringa, hakuyatazama. Alikuwa anahesabu macho. Kila tawi lililokomaa aliliachia macho mawili, mara moja moja matatu, akakata kwa mshazari juu kidogo ya jicho la mwisho.

“Ukiuonea huruma, mjukuu wangu, utakulisha majani.”

Ulaya mzabibu hulala wenyewe. Baridi ikija hupukutisha majani, ukasinzia hadi joto lirudi. Dodoma, ingawa iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, haina baridi ya kuulaza. Ukiuacha utatambaa mwaka mzima na kuzaa ovyo, kichala hiki kimeiva, jirani yake bado maua. Anayeulaza na kuuamsha ni mtu mwenye mkasi, na hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana zabibu huvunwa mwanzoni mwa mwaka, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Wamisionari wa Kiitalia waliopanda mizabibu Bihawana, hapa Dodoma, ili wapate divai ya misa walitoka kwenye mavuno ya mara moja kwa mwaka.

Mavuno hayo mawili si mapacha. Ya kwanza huangukia masika: tunda hunywa maji, utamu ukapoa, ukungu nao ukavizia majani. Ya kiangazi huja na punje ndogo zenye ganda nene. Nikiulizwa, nachukua ya kiangazi.

Na ganda ndilo lenye kazi, kwani maji ya zabibu nyingi nyekundu ukiyakamua peke yake hayana rangi ya kujivunia. Kwa hiyo zabibu hupondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake. Hewa inayotoka kwenye uchachukaji huyapandisha juu yakafanya kofia nzito, na mtu huisukuma chini, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Akizembea, kofia hukauka na kunuka siki. Akipitiliza, mvinyo unakuwa na ukakasi wa bibo bichi.

Makutupora nyekundu, aina iliyochukua jina la mahali pale kaskazini mwa mji, ikitengenezwa kavu na mtu asiye na haraka, mimi huonja ndani yake zambarau zilizoiva hadi kupasuka, nyuma yake uchachu wa choya, kisha ukakasi mdogo unaokwangua ulimi. Huo ukakasi unadai mafuta. Upe mbuzi wa kuchoma, ubavu ambao mafuta yake bado yanachirizika, na chumvi tu. Ndimu iache kando, maana itaunyang’anya mvinyo ladha. Pilipili kichaa nayo huwasha moto juu ya moto. Kuku wa kienyeji wa kukaanga anafaa. Mlenda, chakula changu cha kila siku, hapana. Utelezi wake huufunika ulimi, usionje kitu.

Mvinyo ule mtamu unaopendwa zaidi mjini siunywi na chakula. Wapo wanaouchanganya na soda. Hao nawaachia meza yao.

Jambo moja wahudumu wetu hawalikubali: mvinyo mwekundu nao uingie kwenye friji, nusu saa hivi. Joto la baa ya Dodoma saa nane mchana si joto la kunywea kitu chochote.