Walioanguka Huenda Wapi?

Nilipoitazama sinema ya On Any Sunday kwa mara ya kwanza sikuitazama kwa utulivu, maana nilikuwa na kazi ya kutafsiri. Ilikuwa mwaka 1991, Korogwe, katika kibanda cha video kilichoezekwa mabati chakavu, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Mwenye kibanda alikuwa ameupata mkanda ule kwa mtu aliyetoka nao Mombasa. Kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, aliniruhusu niingie bure pamoja na mdogo wangu, kwa sharti kwamba niwaeleze watu msimulizi anasema nini. Nilifanya hivyo kwa raha. Msimulizi alikuwa mcheshi, nami nilitaka nionekane mcheshi kama yeye. Watu walicheka sana, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mdogo wangu.

Wiki mbili baadaye alikuwa amelala wodini, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Alikuwa amejaribu kuruka kichuguu kwa pikipiki ya ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi ya utarishi. Mfupa uliunga vibaya. Hadi leo anachechemea, na siku za mvua humwona akiusugua ule mguu huku akijifanya anatafakari jambo jingine.

Nalitaja jambo hili mwanzoni ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayeihakiki sinema hii. Mhakiki mwenye kidonda hana budi kukionyesha kabla hajasema neno, ili atakayemsikiliza aweze kupima lipi limetoka kwenye akili na lipi limetoka kwenye kidonda.

Kwa wasioijua, sinema yenyewe ilitoka mwaka 1971. Mtengenezaji wake, Bruce Brown, alikuwa Mmarekani wa California aliyejulikana kwa sinema ya The Endless Summer ya mwaka 1966, inayohusu vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari. Safari hii aliwageukia waendesha pikipiki. Fedha za kuitengenezea zilitoka katika kampuni ya Steve McQueen, mwigizaji mashuhuri ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pikipiki, naye anaonekana humo akishindana kwenye vumbi kama mtu mwingine yeyote. Ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar katika kundi la sinema za maisha halisi. Hata hivyo si tuzo wala jina la McQueen lililoifanya idumu zaidi ya miaka 50. Imedumu kwa sababu inapenda inachokionyesha.

Upendo huo huonekana mapema. Kabla hatujaona mashindano yoyote, tunaona watoto juu ya baiskeli zao wakiruka vilima vya udongo kwa kuwaiga wakubwa. Mtu aliyekulia kijijini kwetu haihitaji tafsiri sehemu hiyo. Sisi tulikuwa na ringi ya baiskeli isiyo na tairi, tukiisukuma kwa kijiti huku midomo yetu ikitoa mlio wa injini. Brown alielewa kwamba mchezo huu hauanzi kwenye mashine, unaanza mdomoni mwa mtoto.

Kisha anatupeleka kila mahali. Tunaona uwanja wa duara wa udongo, ambako pikipiki hupinda kona kwa kuteleza, gurudumu la nyuma likitaka kulipita la mbele. Tunaona mji wa Elsinore, California, mamia ya waendeshaji wakipita mitaani na kutokomea vilimani, McQueen akiwa amejiandikisha kwa jina la uongo la Harvey Mushman. Tunafika hadi El Escorial, Hispania, kwenye mashindano ya siku sita ya mwaka 1970, ambako mwendeshaji huitengeneza mashine yake mwenyewe, na ambako Malcolm Smith alipata medali ya dhahabu. Huyu Malcolm Smith, aliyefariki mwaka 2024, ndiye furaha ya sinema nzima. Huendesha akitabasamu, kana kwamba mawe na matope ni jamaa zake wa siku nyingi.

Na tunaona motokrosi. Mchezo huu haukuzaliwa Marekani. Kwa kawaida mwanzo wake hutajwa kuwa Camberley, Uingereza, mwaka 1924, pale mashindano ya kupima ustadi wa kupita njia mbovu yalipoachiwa yawe mbio tu, mwenye kasi ndiye mshindi. Waingereza waliuita kwa neno lao lenye maana ya purukushani, na jina la motokrosi tumelipata kwa Wafaransa. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1957, na bingwa wa kwanza alikuwa Bill Nilsson wa Sweden. Wamarekani waliupokea kwa dhati baada ya mwaka 1966, alipokwenda kwao Torsten Hallman, Msweden mwingine, na kuwaonyesha jinsi pikipiki nyepesi inavyoweza kupaa. Brown aliukuta mchezo ukiwa bado mgeni kwao, na ugeni huo umo ndani ya picha zake. Anawapunguzia mwendo wale walio hewani, gurudumu linazunguka polepole, punje za udongo zinaning'inia, na mtazamaji husahau kupumua. Sijaona mtu mwingine aliyeuonyesha uzito wa pikipiki vizuri kama yeye anavyouonyesha katika dakika zile ambamo uzito huo umetoweka.

Sasa nifike kwenye lawama yangu. Hewani mtu hakai, hurudi chini, na Brown anajua kuwaonyesha wanaorudi vibaya. Anawapanga mmoja baada ya mwingine: huyu anapita juu ya usukani, yule anaburutwa na pikipiki yake, mwingine anazama matopeni. Msimulizi, ambaye ni Brown mwenyewe, anatia maneno ya mzaha. Yupo pia wa Utah, kwenye kilima kikali kiitwacho Widowmaker, jina lenye maana ya kitu kinachoacha wajane. Pikipiki zinapanda, zinasimama wima, zinabiringika hadi chini, nasi tunacheka. Lakini katika sinema nzima hatumwoni mjane hata mmoja. Jina limechukuliwa kwa utamu wake, na aliyelilipia hakuitwa kwenye picha.

Haki inanitaka niseme kwamba Brown hafichi damu. Anamwonyesha Jim Rice akianguka vibaya huko Sacramento, pua imevunjika, na baadaye akirudi mbioni na uso wake ulioumuka. Hapo hakuna kicheko, kuna heshima. Hata hivyo heshima hiyo nayo ina kasoro yake. Katika sinema hii kuna aina mbili tu za walioanguka: anayechekesha na anayerudi. Wa tatu, asiyerudi, hayumo. Kamera hukata mahali anapoanza. Mwenye kuitazama kwa mara ya kwanza, hasa akiwa kijana wa miaka 19 mwenye pikipiki ya ofisi na kichuguu mbele yake, atatoka akiamini kwamba kuanguka kuna milango miwili, na yote miwili inafunguka.

Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa uhakiki wangu, na niliuona umekamilika. Niliusema darasani nilipofundisha juu ya ukweli katika sanaa. Sikuwaambia wanafunzi kwamba vile vichekesho walivisikia watu wa Korogwe kwa sauti yangu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mdogo wangu. Siku hizi ana gereji yake kando ya barabara, na vijana wa bodaboda humpanga foleni tangu alfajiri. Jioni mwanawe alituletea kompyuta yake, akasema, "Baba mkubwa, ile sinema yenu ya zamani nimeipata." Moyo wangu ulishtuka. Nilimtazama mdogo wangu nikidhani atakataa. Yeye alivuta kigoda, akaunyoosha ule mguu wake mbele, akasema tuanze.

Tulitazama kimya. Walipoanza kuanguka sikutafsiri kitu. Mdogo wangu akacheka kama alivyocheka mwaka 1991, pale pale. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anachekaje, yeye wa watu wote. Akanijibu bila kuyaondoa macho kwenye picha: "Kaka, wewe unawatazama wanavyoanguka. Mimi namtazama yule anavyofungua injini."

Yule aliyemsema ni Mert Lawwill, mtu wa tatu katika sinema hiyo. Alikuwa bingwa wa Marekani wa mwaka 1969, na Brown anamfuata katika msimu wa 1970 anapojaribu kuitetea namba moja aliyoibandika kwenye pikipiki yake. Anashindwa. Mashine inamharibikia leo, inamharibikia kesho, anasafiri maelfu ya maili, anafungua, anasafisha, anafunga tena, na mwisho wa msimu namba moja inakwenda kwa Gene Romero. Nilikuwa nimeiona sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara niliichukulia kama mapumziko kati ya mbio na mbio. Mdogo wangu aliichukulia kuwa ndiyo sinema yenyewe. Aliniambia kwamba pale wodini, alipokuwa hana la kufanya ila kuhesabu panga za feni, hakukumbuka mtu yeyote aliyeruka. Alikumbuka mikono ya yule bwana mpole aliyeshindwa, jinsi ilivyoshika spana bila hasira. "Nilipotoka," akasema, "nilijua nikitaka kubaki karibu na pikipiki nipitie mlango gani."

Kumbe ulikuwepo mlango wa tatu, na Brown alikuwa ameuacha wazi muda wote. Aliyekosa kuuona ni mimi, kwa kuwa hatia yangu ilinigeuza uso upande mmoja.

Je, basi lawama yangu inafutika? Nimeifikiria sana, na jibu langu ni kwamba haifutiki, ila inapungua ukubwa. Wajane bado hawamo. Mchezo wenyewe umekuwa mkali zaidi tangu siku zile. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya sinema kutoka, mbio za motokrosi ziliingizwa ndani ya uwanja mkubwa wa Los Angeles, mshindi akiwa kijana wa miaka 16, Marty Tripes, na tangu hapo miruko imejengwa kwa makusudi ili ipendeze machoni. Shokapu za pikipiki za wakati wa Brown zilikuwa zikishuka kiasi cha sentimita 10 tu. Za leo hufika 30, kwa hiyo mtu hurushwa juu zaidi na mbali zaidi. Anayeusifu mchezo huu anadaiwa neno juu ya wanaobaki chini.

Wapo waliolilipa deni hilo, tena kutoka ndani ya mchezo. Daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, naye mwendeshaji, alianza kubuni kinga ya shingo baada ya kumwona mwenzake akifa kwenye safari ya pikipiki mwaka 2001, na kinga za namna hiyo leo huvaliwa na waendeshaji wa nchi nyingi. Na Lawwill mwenyewe, yule bwana mpole wa spana, alikuwa na mwenzake aliyepoteza mkono katika mashindano mwaka 1967. Lawwill alimtengenezea mkono wa bandia wenye uwezo wa kushika usukani na kujiachia mtu anapoanguka, kisha akaendelea kuwatengenezea wengine waliokatika mikono ili waendeshe tena pikipiki na baiskeli.

Tazama mwaka huo: 1967. Brown alipokuwa akiielekeza kamera yake kwenye mikono ya Lawwill mwaka 1970, mikono ile ilikuwa imekwisha kujua habari za asiyerudi. Sinema haisemi. Kila nikiitazama sasa najaribu kuisoma habari hiyo katika jinsi anavyoifunga nati taratibu, na najua kwamba huenda naitia mwenyewe. Lakini mtazamaji naye ana haki ya kuleta chake.

Sinema inamalizika ufukweni. Wanaume watatu, Lawwill, Smith na McQueen, wanachezea pikipiki zao mchangani kama wale watoto wa mwanzo, hawashindani na mtu, jua likizama baharini. Zamani niliiona kuwa tamati ya mtu asiyetaka kujibu maswali. Safari hii ilipofika hapo nilisikia mdogo wangu akitoa mlio wa injini kwa midomo, polepole sana, bila kujua kwamba anasikika.

Nilitaka kumwomba radhi usiku ule kwa tafsiri yangu ya mwaka 1991. Nilikuwa nimeyaandaa maneno. Lakini kijana mmoja alipiga hodi, pikipiki yake imekata cheni na ana abiria njiani. Mdogo wangu akainuka, akachechemea hadi kwenye sanduku la vifaa, akaniambia, "Kaka, nishikie tochi."

Nikaishika.